Paa kwanza: mabweni ya Tocantins na madarasa yetu ya Ruashi

Weka kidole juu ya Lubumbashi, kusini mwa Kongo yetu, kwenye ramani ya dunia, ukivute kuelekea magharibi bila kukipandisha wala kukishusha. Utavuka kipande cha Zambia, utavuka Angola, utavuka Atlantiki, utaingia Brazili, na mwishowe utafika karibu kabisa na Formoso do Araguaia, mji mdogo wa jimbo la Tocantins. Sisi tuko nyuzi 11 na dakika 40 hivi kusini mwa ikweta, wao nyuzi 11 na dakika 48 hivi. Ukipima kwa kilomita, hiyo tofauti ni kama 15 tu. Jua la kwao ndilo la kwetu: linapita juu ya paa kwa pembe ileile, siku ileile ya mwaka.

Hili nimelisema kwenye kamati ya wazazi ya shule ya watoto wangu, hapa Ruashi, sehemu ya Lubumbashi, mpaka watu wamenichoka. Tunataka kuongeza madarasa matatu. Mimi ni msimamizi wa shantie, yaani mahali pa ujenzi, kazi yangu ya kila siku ni kuhesabu matofali na kugombana na wauza mchanga, kwa hiyo wakanipa mimi kazi ya kuchora. Nikawachorea paa kubwa lililosimama juu ya nguzo, na chini yake vyumba vidogo vya matofali ambavyo havigusani nalo. Papa Direkta aliigeuza karatasi huku na huku, akauliza, "Mama Injenia, hii ni shule ao ni hangari?"

Mkutanoni kila mtu ana dakika tatu, na mimi huongea polepole. Hapa nitasema yote.

Karibu na Formoso, kwenye shamba la Canuanã, kuna shule ya bweni inayoendeshwa na Fundação Bradesco, wakfu wa benki. Watoto wake wanatoka vijijini, kwenye familia zinazokaa mbali sana kiasi kwamba kwenda na kurudi kila siku hakuwezekani. Zamani walilala kwenye mabweni makubwa, watoto kama 40 chumba kimoja. Mwaka 2017 mabweni mapya yalikamilika, ya wavulana upande wake na ya wasichana upande wake, nafasi za watoto 540 kwa jumla. Sasa wanalala sita sita. Wachoraji ni ofisi mbili: Rosenbaum, ya Marcelo Rosenbaum, na Aleph Zero, ya vijana wawili, Gustavo Utrabo na Pedro Duschenes. Kabla ya kuchora walikaa na watoto wenyewe wakawauliza wanaishije na wanataka nini. Mwaka 2018 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya RIBA, chama cha wasanifu majengo cha Uingereza, na ndipo picha zake zilipozunguka dunia hadi zikanifikia mimi.

Picha ya kwanza unayoiona ni ya paa. Ni bapa, jeupe, refu kuliko kiwanja cha mpira, limebebwa na nguzo nyembamba za mbao za mkaratusi zilizogandishwa kwa gundi kiwandani mpaka zikawa mihimili. Kingo zake zinatoka nje mbali sana. Chini yake kuna nyua za ndani zenye miti. Vyumba vya kulala viko chini, vimejengwa kwa matofali ya udongo yaliyofyatuliwa palepale kwenye shantie, na juu ya vyumba hivyo kuna sakafu ya mbao ambapo watoto wanasoma, wanaangalia televisheni na kucheza, bado wakiwa kivulini. Kati ya vyumba na paa hewa inapita bila kizuizi. Joto la pale hupita nyuzi 40, na watoto wanalala bila kiyoyozi.

Hakuna uchawi. Bati likipigwa na jua huwaka, na joto lake linashuka. Kama bati liko juu tu ya kichwa cha mtoto, joto linamshukia mtoto. Kama liko juu sana na upepo unapita chini yake, sehemu kubwa ya lile joto inachukuliwa na upepo. Nao ukuta ambao jua haliugusi asubuhi wala jioni unabaki baridi. Ukiuwekea kiganja saa nane mchana unaona raha.

Sasa njoo kwetu. Darasa letu la kawaida unalijua: kuta nne za matofali ya kuchoma, malata (mabati) juu, dari hakuna, madirisha yametazama barabara kwa sababu jengo lilifuata barabara. Shule zetu zinafunguliwa mwezi wa tisa, na mwezi wa tisa na wa kumi ndiyo miezi ya joto kali kuliko yote hapa Lubumbashi. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019 watoto wamejaa, na shule nyingi zinafundisha kwa zamu mbili. Zamu ya alasiri inalipata jua la magharibi likiingia moja kwa moja dirishani. Nimesimama nyuma ya darasa la tatu saa tisa za mchana: watoto wa safu ya dirisha walikuwa wamebeba daftari vichwani, wale wa ukutani wamelala. Mwalimu hakuwakemea. Alikuwa amesogeza meza yake kwenye kona ya pekee yenye kivuli na alikuwa akifundishia kutoka hapo, ubao ukiwa mbali naye.

Halafu mvua. Mwezi wa kumi na moja ikipiga malata, masomo yanasimama. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, na hakuna anayemsikia mwenzake hata akipiga kelele. Wazazi wengi walisoma hivyohivyo na wanaona ni jambo la kawaida. Mimi nahesabu: hiyo ni miezi mitano ya mvua, na mvua zetu hupenda kuja alasiri.

Kwa hiyo tunalichukua jengo la Tocantins kama lilivyo tukalisimamisha Ruashi? Hapana, na hapa ndipo ninapogombana na upande wa pili, wale vijana wa kamati waliopenda picha kupita kiasi. Formoso iko kwenye bonde, mita 240 hivi juu ya bahari. Sisi tuko kwenye mita 1,200 na zaidi. Jua ni moja, hewa ni mbili. Mwezi wa sita watoto wetu wanakuja shuleni na sweta mbili, midomo imepasuka, na asubuhi chaki inateleza kwenye vidole vilivyokufa ganzi. Ukiwajengea darasa lililo wazi pande zote, utawaponya mwezi wa kumi na kuwaua mwezi wa sita.

Bahati nzuri, jua lenyewe linatusaidia. Mwezi wa sita linapita upande wa kaskazini na liko chini. Mwishoni mwa mwezi wa kumi linapita juu kabisa ya vichwa vyetu, na kutoka hapo hadi katikati ya mwezi wa pili linahamia kidogo kusini. Jengo likilala kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yake yakitazama kaskazini na kusini, ukingo wa paa wa mita 1.2 unafanya kazi mbili. Kuanzia katikati ya mwezi wa tisa kivuli chake kinafunika karibu ukuta mzima wa kaskazini, asubuhi hadi jioni. Mwezi wa sita, saa mbili asubuhi, kivuli hichohicho kinashuka pungufu ya mita moja tu, na jua linapita chini yake, linaingia dirishani, linawafikia watoto miguuni wakati wanapolihitaji. Niliwaonyesha kamati kwa boksi la viatu na tochi ya simu. Hapo walinyamaza kidogo.

Upande wa magharibi ni ukuta mtupu, bila dirisha hata moja.

Shida ni kwamba barabara yetu inakwenda kaskazini–kusini na parsele, yaani kiwanja chetu, ni ndefu kufuata barabara. Madarasa mapya yakilala ninavyotaka, yatakata uwanja wa mpira. Na uwanja wa mpira, jamani, una watetezi kuliko madarasa. Baba mmoja aliniambia wazi kwamba mtoto hawezi kucheza mpira kwenye kivuli cha paa. Nikamjibu, "Papa, kule Brazili wanacheza." Watu walicheka, ila hoja yake haijafa na mimi siwezi kusema ni ya kipuuzi. Nimesogeza mchoro hadi mwisho wa parsele, goli moja limebaki mahali pake na jingine litahama.

Jambo la pili walilolipinga ni kuta zenye matundu. Mimi nimependekeza sehemu ya juu ya ukuta, juu ya kichwa cha mwalimu, iwe ya matofali ya matundu, yale tunayoyaita klostra. Wakasema hayo ni mambo ya nyumba za wazungu wa zamani. Ni kweli kwamba majengo mengi ya mjini ya miaka ya 1950 yanayo. Lakini huko Brazili klostra ni mali ya watu wote. Tofali lao la matundu linaitwa cobogó; lilibuniwa Recife, mji wa pwani wenye joto na unyevu, na wafanyabiashara na mainjinia watatu waliolisajili mwaka 1929: Coimbra, Boeckmann na Góis. Jina limetokana na mianzo ya majina yao. Leo utalikuta kwenye magorofa ya matajiri na jikoni kwa maskini. Linapitisha hewa, linavunja mwanga mkali, na fundi yeyote mwenye kalibu anaweza kulifyatua. Sisi kalibu tunazo, zimelala uani kwa watu zikishika kutu.

Wale wenzetu walianza zamani kufikiria kivuli. Jengo la wizara ya elimu na afya la Rio de Janeiro, lililojengwa kuanzia 1936 hadi katikati ya miaka ya 1940 na kundi la wasanifu la Lucio Costa na kijana Oscar Niemeyer, Le Corbusier akiwa mshauri, lina vibao vya kuzuia jua vinavyogeuzwa kwa mkono, na viko upande wa kaskazini, kwa sababu ileile niliyoieleza hapo juu. Upande wa kusini ni kioo.

Ila si kila walichofanya ni cha kuiga. Miaka ya 1980 jimbo la Rio, chini ya gavana Leonel Brizola, lilianza kujenga shule za kutwa nzima zinazoitwa CIEP. Wazo lilikuwa la Darcy Ribeiro, makamu wake, mchoro wa Niemeyer, na zilijengwa takriban 500. Mtoto alikula pale, alioga pale, alisoma pale. Nia nzuri sana. Lakini kuta kati ya madarasa hazikufika juu, ili hewa ipite, na sauti nazo zikapita. Walimu walilalamika miaka na miaka. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na mwelekeo huohuo, na mwalimu wa darasa la tano ndiye aliyeuliza swali ambalo injinia mmoja tu kati ya kumi angeuliza: "Na wale wa upande wa pili wakiimba?" Kwa hiyo matundu yatakuwa kwenye kuta za nje tu. Kati ya darasa na darasa ukuta unapanda hadi kwenye dari ya triplexi, yaani mbao nyembamba za tabaka, dari ambayo pia itanyamazisha mvua.

Kuhusu nguzo za mbao, nimeshauri tusahau kabisa. Wenzetu wana viwanda vya mkaratusi wa gundi; sisi tuna mchwa. Nguzo ziwe za matofali juu ya msingi wa zege, na mbao tuziache juu kwenye kenchi, mahali ambapo tunaweza kuzikagua.

Kwa udongo, kinyume chake, tuna utajiri ambao wao wangeuonea wivu. Vichuguu vyetu ni vilima. Fundi wangu wa matofali, mzee wa Katuba, alinichukua hadi kimoja nyuma ya shule, akachimba kwa jembe chini ya tabaka la juu, akatoa donge. Akalimwagia maji kidogo, akalikanda muda mrefu huku akiongea habari nyingine kabisa, bei ya makala (mkaa), harusi ya mpwa wake. Kisha akalivingirisha likawa kama sigara nene, akalisukuma polepole ukingoni mwa ubao likawa linaning'inia hewani. Likaenda, likaenda. Lilipokatika, kipande kilikuwa kirefu kuliko kiganja chake. "Umeona, mwanangu? Hii ni mfinyanzi mno. Ukifyatua hivi, ikikauka inapasuka." Kipande kikikatika kifupi sana, kuna mchanga mwingi. Kirefu hivyo, inabidi kuongeza mchanga. Tukaongeza ndoo moja ya mchanga kwa mbili za udongo, akarudia, na kikakatika mahali alipotaka. Simenti kidogo, mashine ya kushindilia kwa mkono, kisha matofali yanafunikwa na magunia yenye maji yasikauke haraka. Hayachomwi.

Hilo la kutochoma nalipigania kuliko yote. Kila tanuri la matofali linakula miombo, na miombo ya kuzunguka mji huu imeshaliwa na makala. Ukitoka leo kwa barabara ya Kipushi unaona mwenyewe. Halafu tunashangaa upepo wa mwezi wa nane umejaa vumbi jekundu.

Kuna mtu atasema: mbona unatupeleka Brazili, wakati msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga shule ya Gando mwaka 2001 kwa matofali ya udongo na paa lililoinuliwa, na amepata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo, mwaka 2022? Ni kweli, na picha za Gando nimezipeleka pia. Nimeng'ang'ania Brazili kwa sababu ya ile nyuzi 11 na dakika 48, na kwa sababu nyingine inayohusu nani atajenga.

Kule mafundi wa majengo ya umma walifikiri sana juu ya mikono. Msanifu João Filgueiras Lima, ambaye wote humwita Lelé, aliyefariki mwaka 2014, alitengeneza shule za vipande vyembamba vya simenti na wavu wa chuma. Alianzia Abadiânia, mji mdogo wa Goiás, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na vipande vyake vilipimwa ili watu wachache waweze kuvibeba bila mashine ya kunyanyulia. Na kwenye makazi, São Paulo chini ya meya Luiza Erundina, kuanzia 1989 hadi 1992, manispaa ilizipa jumuiya za watu maskini fedha za umma ili wajenge wenyewe. Familia zilifanya kazi mwisho wa juma, zikichagua mafundi na wasanifu wao, na wanawake walikuwa wengi kwenye zege. Ofisi ya wasanifu ya Usina, iliyoanzishwa 1990, ilifanya kazi na jumuiya za namna hiyo, kama COPROMO ya Osasco, mji jirani, na ilikuja na ujanja ninaoupenda sana: kwenye magorofa yao ngazi ya chuma inasimamishwa kwanza. Mjenzi asiye fundi anaitumia kama timazi ya kunyoosha kuta, na matofali yanapandia hapohapo.

Saa za kazi za kila familia zilihesabiwa, na maamuzi yalipita mkutanoni. Kwetu kazi ya namna hiyo wazee huikumbuka kama salongo ya enzi za Mobutu, ya kulazimishwa, na nikitaja tu kazi ya Jumamosi nyuso zinakunjamana. Nawaelewa. Ndiyo maana sikuomba salongo. Nimeomba kila familia ichague: hela, au mikono kwenye mashine ya matofali, na daftari la masaa libaki mezani kwa katibu, wazi kwa kila mtu kulisoma. Likelemba, vikundi vyetu vya kuchangiana hela kwa zamu, tunaziendesha bila ugomvi kwa daftari kama hilo.

Brazili yenyewe ilikuja kusahau baadhi ya hayo. Mpango wa Minha Casa Minha Vida, ulioanza 2009, ulijenga nyumba kwa mamilioni, na lawama kubwa iliyoufuata ni kwamba kasha lilelile lilirudiwa kila mahali, kwenye joto la kaskazini na kwenye baridi ya kusini, mbali na kazi za watu. Nikiona vijumba vipya vinavyopangwa mistari pembeni mwa mji wetu, vyote vimetazama upande mmoja kwa sababu ya barabara, nawaza hilo.

Kamati imekubali nusu. Paa litajengwa la madarasa matatu, kuta za mawili. La tatu litakuwa wazi mpaka pesa ipatikane, na wakati huo litatumika kwa mikutano na kwa watoto kula. Papa Direkta bado analiita hangari. Kilichobaki ni mfereji wa maji ya paa. Paa la ukubwa huo, kwenye mji unaopata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, litajaza tangi baada ya mvua chache tu, na sasa ugomvi ni nani atashika ufunguo wa bomba: shule, au akina mama wa barabara ya nyuma ambao maji ya bomba huwafikia usiku tu. Mimi nimepiga kura kwa akina mama, kwa sharti kwamba wao ndio wasafishe mfereji kabla ya mwezi wa kumi.